Maili za Nyangi

2 Novemba 1997, Jumapili

Mimi Ryoba Mniko, fundi baiskeli wa Manyamanyama, Bunda, ndiye mtu aliyesoma kuliko wote katika mtaa huu. Nimefika darasa la nane, Kiingereza nakisoma bila kutikisa midomo, na mwalimu wangu alilia siku ninaondoka shuleni.

Haya. Mvua inanyesha, sina mteja wa kumdanganya, wacha niseme kweli. Nilifika la nne. Mwalimu hakulia, alisema "afadhali". Na midomo natikisa, hata kwa Kiswahili.

Daftari hili ameniletea binti yangu Nyangi. Kaniambia, "Baba, hayo maneno unayowachokoza nayo watu hapo barabarani, yaandike humu niyasome nikirudi." Akirudi kutoka wapi? Kutoka Uingereza. Ni muuguzi, alikuwa hospitali kule Musoma mpaka walipompunguza kazini. Januari anakwenda mji unaitwa Leeds, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mama yake Miriamu alishatangulia kwa Mungu. Nina yeye tu. Ana jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo namwitaga Mama, na yeye ananikaripia kama mama kweli.

5 Novemba

Mvua. Pancha mbili.

9 Novemba, Jumapili

Nyangi ametoka Musoma na bahasha. Imetumwa na Mwanaharusi, mwenzake waliyesoma pamoja uuguzi, binti wa fundi cherehani wa Musoma mjini; yeye yuko huko Leeds mwaka wa pili sasa. Ndani mna karatasi mbili zinazong'aa, moja ya bluu, moja ya kijani.

"Baba, kule mtu hatembei na noti. Anatembea na kadi ya mkopo."

"Mkopo wa nani?"

"Wa benki. Unanunua kitu, benki inalipa, mwisho wa mwezi unairudishia."

"Usiporudisha?"

"Inazaa riba."

"Basi huyo ni ng'ombe wa kuwekeshwa," nikamwambia. "Mbona unanieleza kama kitu kipya?"

Alicheka, lakini mimi sikutania. Kwetu Butiama mwenye ng'ombe wengi anamwekesha mwenzake. Wewe unachunga, unakamua, maziwa unakunywa, samadi unapeleka shambani. Ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa mikononi mwako unampelekea mwenyewe ngozi, aone alama yake, ajue hukumla kwa siri. Ukipeleka ngozi, heshima yako inabaki. Usipopeleka, hata watoto wako hawatawekeshwa kuku.

"Sasa maziwa ya hii kadi yako wapi?" nikauliza.

Kumbe ndicho anachochagua. Ya bluu, kila unaponunua kitu unaandikiwa maili, na maili zikijaa unapewa safari ya ndege bure. Ila ina ada ya kila mwaka. Ya kijani ni ya duka kubwa la vyakula, unaandikiwa pointi, na pointi zinakupunguzia bei ya mkate na nyama. Haina ada.

"Chukua ya bluu," nikasema, hajafunga hata mdomo.

"Sijamaliza kueleza, Baba."

"Mimi nimemaliza kusikia."

10 Novemba

Ya bluu. Nimemkumbusha asubuhi na mchana.

16 Novemba, Jumapili

Dada yangu Wankyo amekuja kutoka Kabasa kwa miguu, tope mpaka magotini, ili kuniambia nimekosea. Anasema achukue ya kijani, mtoto ale, huko ni baridi. Nikamwambia chakula kiko kila mahali, ndege ndiyo haipiti Kabasa. Akasema mimi nilizaliwa nimegeuza matako mbele na sijawahi kugeuka vizuri. Alikuwepo siku hiyo, siwezi kubisha.

Nikaenda kwa Alawi, yule muuza duka jirani mwenye simu ya kulipia, nikijua mfanyabiashara ataniunga mkono. Alinisikiliza huku anapima sukari.

"Mzee Ryoba, wewe hutaki kadi. Wewe unataka kamba ya kumfunga binti yako mguu."

Sukari nimenunua kwingine. Ina mchanga, lakini nimeinywa kwa hasira ikapita.

22 Novemba

Ile karatasi ya kijani imepotea.

Yaani nimeipoteza mimi. Nimeikunja nikaiweka ndani ya kava ya tandiko la baiskeli yangu, nikarudishia kava, nikaikalia.

23 Novemba

Nyangi anatafuta karatasi. Nimemsaidia. Nimetafuta kwa moyo wote, hata chini ya kuku anayeatamia. Kuku kanidonoa. Nimestahili.

30 Novemba, Jumapili

Mvua hii si vuli ya kawaida. Watu wa redio wameipa jina la kigeni. Mahindi yamelala, pamba ya watu inaoza kabla haijazaa, na baiskeli zote za Bunda zinalia kutu. Mimi tu ndiye mvua inanilisha.

Leo nimemuuliza Nyangi kazi yenyewe ya huko ni nini hasa. Akasema kuwaogesha wazee, kuwalisha, kuwageuza kitandani wasipate vidonda, kukaa nao wakiongea.

"Wana watoto?"

"Wengi wanao."

"Wako wapi?"

"Wako mbali, Baba."

Nikamwambia, "Kuna mzee mmoja hapa Manyamanyama anageuka mwenyewe, anaoga mwenyewe Jumamosi kwa Jumamosi. Anataka tu mtu wa kumchokoza."

Aliangalia mvua. Nilitaka iwe mzaha lakini ilitoka vibaya, kama spoku iliyotoboa tairi kwa ndani.

7 Desemba, Jumapili

Mwanaharusi amepiga simu kwa Alawi, ikabidi niingie tena duka lile, nikasimama upande usio na sukari. Nyangi aliongea, mimi nikasikiliza uso wake. Habari ni kwamba kadi ya bluu haitolewi kwa mgeni. Benki inataka kwanza historia yake ya kukopa, na mtu akitua tu huko anahesabiwa hana.

"Hana historia?" nikasema kwa sauti, Alawi akageuka. "Mtoto wa Mniko hana historia?"

"Baba, ni historia ya huko."

"Historia ni ya mtu, Mama, haiachwi uwanja wa ndege. Ukoo wetu umechunga ng'ombe wa watu tangu babu wa babu yangu na hatujawahi kuficha ngozi. Wanataka shahidi? Shahidi yupo."

Shahidi mwenyewe ni Kwangu wa Butiama. Baba yake ndiye aliyetuwekesha ng'ombe. Hatuongei, mimi na Kwangu, tangu nilipohamia Bunda. Alisema mbele za watu kwamba nimeacha wanyama wenye damu naenda kuchunga vyuma. Nikamjibu kwamba vyuma vyangu haviharishi. Ni mzee bahili, mdomo wake ni mkasi, na akikupa uji anahesabu unavyomeza.

Lakini kwa maili za Nyangi nitakwenda.

13 Desemba, Jumamosi. Butiama

Naandikia nyumbani kwa Kwangu, juu ya kigoda chake. Mvua imenifungia hapa.

Nilipata lori la chumvi mpaka Makutano, baiskeli yangu juu ya magunia. Kutoka pale nikaanza kuendesha, kisha kusukuma, kisha kuibeba. Mtu akiona fundi baiskeli amebeba baiskeli mabegani atajua dunia imeharibika. Vijana wawili walinipita wakasema, "Mzee, ikichoka nayo ikubebe." Nikawaambia ninaizoesha.

Kwangu alikuwa barazani, amejifunga blanketi. Amezeeka vibaya. Mimi nimezeeka vizuri.

"Karibu, mchunga vyuma. Wamezaa?"

"Wamezaa. Huyu ndiye dume lenyewe," nikapiga tandiko.

"Amechafuka. Mfunge kule, asinilie mihogo."

Akaniita ndani, akanipa uji, na kweli alihesabu. Nikamweleza yote: Leeds, benki, kadi, historia.

"Benki ya Uingereza inataka kuujua ukoo wenu?"

"Inataka kujua kama tunarudisha."

Akavuta blanketi. Nilidhani anatafuta tusi. Halafu akasema taratibu, "Mwaka wa ule ukame, mama yako, Nyangi yule wa kwanza, alifika hapa kwa miguu, ngozi tatu kichwani. Mbwa walimfuata njia nzima kwa ile harufu. Akaziweka mbele ya baba yangu, akasema, hawa wamenishinda. Baba hakuzikunjua. Alimkabidhi mtamba mwingine palepale. Andika hivyo."

Sikuwahi kuambiwa. Nilijua tuliwekeshwa mtamba mwaka ule, sikujua kwa nini. Nikaandika, midomo ikitikisika, naye akachovya kidole gumba kwenye masizi ya chungu yaliyochanganywa na mafuta, akakibandika chini.

"Na kadi yenyewe ina faida gani?" akauliza.

"Inatoa maili. Zikijaa anarudi kuniona bure."

Kwangu alisimama. Akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka chumba cha nyuma. Nyumba ile haina umeme. Ndani mlikuwa na televisheni, birika la umeme, kikaangio cha umeme, na zulia jekundu limeviringishwa kwenye nailoni, halijawahi kukanyagwa.

"Florian," akasema. Florian ni kitinda mimba wake, yuko Kanada. "Alikuwa na kadi kama hiyo. Mimi kila akipiga simu nilikuwa namwambiaga, njoo nikuone, njoo nikuone. Ryoba, maili hazijai kwa kununua mkate. Akanunua hivi, ili zijae. Akaja. Nilichinja. Alikaa hapa, nikamwona anakula, nikafurahi kama mjinga."

"Ni vizuri."

"Ngoja. Sasa analipia zulia. Mchana kazi, usiku kazi nyingine. Simu hapigi tena, anaona haya, maana nikimsikia lazima nitamwambia njoo." Akaligusa zulia kwa fimbo. "Hili nimeliita mimi. Kwa mdomo huu."

Nilibaki nimesimama pale naangalia zulia la mtu. Tulikaa hivyo mpaka Kwangu mwenyewe akatuonea huruma.

"Chukua birika hilo," akasema. "Uwachemshie vyuma vyako uji."

Nikacheka. Naye akacheka, tena akakohoa, nikampigapiga mgongo. Mgongo wake una mifupa kama mfupa wa sato. Mtu unamchukia miaka yote hiyo kumbe anabaki mwepesi namna hii.

14 Desemba, Jumapili

Nimefika Bunda jioni, suruali yote ni Butiama. Nyangi alikuwa anapika dagaa. Sikukaa. Nilivua kava ya tandiko mbele yake, nikatoa ile karatasi. Imelowa, rangi imechuja, mkate uliochorwa umekuwa kama jiwe.

"Nimeipata," nikasema.

"Wapi?"

"Chini ya mzee mmoja."

Hakucheka. "Nilijua, Baba. Tandiko lako lilikuwa linalia kama karatasi kila ukikaa. Nilikuwa nasubiri uchoke kuikalia."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyodonolewa na kuku."

Nikakaa sasa. Nikamwambia, "Chukua ya kijani, Mama. Ule."

"Na kurudi?"

"Utarudi na nauli iliyotoka kwenye mshahara. Sitaki uje umebeba zulia."

Hakuelewa zulia, nikamweleza yote ya Kwangu na Florian. Dagaa wakaungua, hakuna aliyewasogeza. Kisha nikampa ushahidi wenye kidole gumba. Aliusoma mara moja, akarudia.

"Ngozi tatu?"

"Kichwani. Na mbwa nyuma."

Akalia, huyu ambaye ameshafumba macho ya maiti wengi hospitalini bila kupepesa. Akasema benki hawataichukua karatasi ile. Nikamwambia wasipoichukua hasara ni yao. Akaikunja akaiweka ndani ya pasipoti, tukala dagaa walioungua.

15 Desemba

Tumempigia Mwanaharusi. Safari hii niliomba niongee mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee Ryoba!"

"Marahaba, binti. Waambie benki tumepata shahidi. Kwangu wa Butiama, ameweka gumba."

Alicheka mpaka nikamsikia anajipiga paja kule Uingereza. "Mzee wangu, benki ya huku haimjui Mzee Kwangu."

"Basi kuna mengi haiyajui."

Akasema ya kijani wanampa mgeni akishaonyesha karatasi ya mshahara, wanamwekea kiwango kidogo, na akilipa vizuri ndiyo inakuwa historia. Nikaona sawa. Hata sisi tulianza na mtamba mmoja.

Nilipotoka nilinunua sukari kwa Alawi. Alinipimia akazidisha kidogo, hakusema neno juu ya kamba. Ni muungwana yule, ingawa mizani yake siku nyingine ni mlevi.

25 Desemba

Krismasi. Paa linavuja juu ya Wankyo peke yake. Anasema nimepanga.

2 Januari 1998

Alawi amefunga, hataki mizaha mpaka jua lizame. Ni mwezi mgumu kwangu.

9 Januari, Ijumaa

Kesho anaondoka. Ndege anapandia Nairobi wiki ijayo, lakini barabara zinakatika kila siku, akisubiri ataogelea.

Wankyo amechinja yule yule kuku aliyenidonoa. Alivyopakua, akaniwekea firigisi, maana firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na kwetu mwanamke haigusi. Nikaichukua kwa vidole nikaiweka kwenye sahani ya Nyangi.

"Ryoba!" Wankyo akapiga kelele. "Mwanamke hali firigisi!"

"Huyu anakwenda kuwa mwenye nyumba kwake. Nani atamlia?"

"Wazee watasema nini?"

"Mzee ni mimi. Nimesema ale."

Nyangi alinitazama, akaitazama firigisi, kisha akaila polepole sana, mpaka ikaisha. Wankyo alijifunika uso kwa kanga, lakini nilimwona anachungulia ajue ladha yake.

10 Januari, Jumamosi

Kijito kidogo, ambacho hata jina hatujawahi kukipa, kimepanda juu ya daraja kikakata barabara. Mabasi yanasimama huku, mengine kule, abiria wanavuka kwa miguu. Vijana wanabeba mizigo kichwani.

Nilimsindikiza mpaka majini. Nilitaka kuvuka naye. Akaniangalia miguu, akasema, "Hapana, Baba, maji yale yatakubeba mpaka ziwani, nitakutafuta kisiwani Rukuba."

"Nitakuwa nauza sangara, utanipata kirahisi."

Nilikuwa na maneno mengi nimeyaandaa. Niliandaa mzaha juu ya Malkia, nikaandaa na mwingine juu ya soksi. Yote yakakwama. Nikakagua tu kamba ya begi lake, nikaikaza, nikaikaza tena, ilikuwa imekaza tangu nyumbani.

"Basi, Baba. Imetosha."

"Haya, Mama."

Akavua viatu. Akapandisha sketi, akaingia, maji yakamfika magotini, kisha mapajani, mkono mmoja umeshika bega la kijana mwenye begi. Katikati alisita. Halafu akapanda ng'ambo. Akageuka mara moja tu, akainua viatu juu nivione, kama vile ndivyo nilivyokuwa navihofia.

Niliinua mkono. Basi likaondoka. Nilikaa pale mpaka vijana wakaniuliza kama na mimi nataka kubebwa.

11 Januari

Hakuna.

12 Januari

Hakuna. Mvua nayo imepungua, imekosa mtu wa kumzuia.

18 Januari, Jumapili

Alawi amekuja mbio mwenyewe, na saumu yake: Nyangi amefika salama. Amesema kuna baridi. Nilimwambia Wankyo. Anasema alijua, na achukue kadi ya kijani. Nikamwambia ameshachukua. Anasema ni kwa sababu yake. Nimemwachia ushindi, amechoka kutembea kutoka Kabasa.

1 Februari

Nimekwenda kwa Kwangu tena, barabara imekauka kidogo. Tumekaa barazani. Nimemwambia ampigie Florian yeye mwenyewe, na asitamke neno njoo. "Nitamwambia nini sasa?" akauliza. Nikamwambia amuulize amekula nini. Ameona ni swali la kike. Nimemwacha akilijaribu kwa sauti ndogo.

15 Februari, Jumapili

Leo simu. Alawi alinipa kiti, jambo ambalo si la kawaida.

"Shikamoo, Baba. Kadi imefika."

"Marahaba, Mama. Ya kijani?"

"Ya kijani. Wameandika jina lote juu yake, Nyangi Ryoba Mniko."

"Wameandika Mniko?"

"Wameandika."

Nikageukia ukutani. Alawi akajifanya anapanga viberiti.

"Wazee wako hawajambo?" nikauliza.

"Hawajambo. Kuna mmoja mchokozi kama wewe. Ananifichia miwani yake halafu ananisaidia kuitafuta."

"Mwambie mchokozi mwenzake anamsalimia. Umekula nini leo?"

"Kuku. Ndiye wa kwanza kumnunua kwa kadi, nimepata na pointi. Nilitaka nile kama siku ile."

"Firigisi je?"

Nikadhani simu imekatika. Kisha nikasikia anacheka na analia kwa pamoja, kama wanavyofanyaga wanawake wa ukoo wetu. "Baba, kuku wa huku hawana firigisi."

"Wanaishije?"

"Wanauzwa wameshatolewa vya ndani. Nimetafuta ndani yote, hakuna kitu."

"Sasa nani anazila?"

"Sijui. Nimemuuliza muuza duka, na yeye hajui."

Nchi tajiri vile, na hakuna anayejua firigisi zao zinakwenda wapi. Tulibaki tunacheka tu kwenye simu mpaka Alawi akanionyesha saa.

Basi, Nyangi, Mama, ukija kufika kwenye ukurasa huu ujue hili. Ile firigisi ya siku ya kuondoka sikukupa bure, nilikuwekesha, na Wankyo ni shahidi. Huko usihangaike kuitafuta. Siku utakayorudi, mwaka wowote utakaotaka wewe, uje unikaangie moja ya kuku wa hapa Bunda, na pilipili kidogo. Mimi sina haraka. Ila nimebakiza meno matatu ya kutafunia, na hayo ndiyo naomba uyafikirie.